Kitabu Kisichongoja Kuitikiwa

Miaka ya tisini, wakati vyuo vikuu vilikuwa vinafungwa kila wanafunzi waliporusha mawe, mjukuu wangu wa kike alirudi kwangu kijijini Kianjokoma na kitabu cha Mmarekani, kinene kama tofali. Alitakiwa kuandika uchambuzi wake. Akishindwa, angerudia mwaka, na mimi nilikuwa nimeshajigamba mbele ya kanisa zima kwamba nyumba yangu inatoa mwalimu.

"Cucu," akaniambia, kama tunavyomwita bibi kwetu, "nimekisoma mara mbili, sielewi. Afadhali nibaki hapa tuchume majani chai."

"Uchume na hivyo vidole vya kalamu? Nisomee."

Jioni alikaa karibu na meko akanisomea, akinigeuzia kwa Kiembu. Kwetu mtu hasimulii ukuta. Msikilizaji huitikia "eeh" kila msimulizi anapovuta pumzi. Ukinyamaza, anajua umelala ama umechoka naye, anaacha hapo hapo. Basi nikaitikia. Kitabuni kulikuwa na mwanaume anatafuta stesheni ya redio ambayo labda haipo. Halafu mwandishi mwenyewe anaingia kitabuni, anasema huyo mwanaume amemtunga tu. Chini ya ukurasa kuna maneno mengine madogo madogo, marefu kuliko ya juu.

"Huyu mwandishi hana mke wa kumwambia anyamaze?"

Alicheka, mara ya kwanza tangu aje.

Lakini mgongo wangu ulikuwa umebeba kikapu cha majani chai tangu umande. Nililala. Yeye, macho kitabuni, hakusikia "eeh" imekatika, akaendelea. Nilipozinduka tulikuwa kwenye mazishi ya mbwa. Nikaitikia.

"Cucu, ulikuwa umelala?"

"Kidogo."

"Tangu wapi?"

"Tangu redio."

"Uuui! Kurasa zote hizo! Na hapa umeelewa nini?"

"Mbwa amekufa, na hakuna anayejua ni wa nani."

Alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Hata mimi niliyekuwa macho nimepata hivyo hivyo. Na sikujua umeacha kuitikia."

"Kitabu nacho hakikujua. Songeza kuni."

Kesho yake aliandika kwamba kitabu hicho kinasimulia kama mtu asiyengoja kuitikiwa, na huo upweke ndio habari yenyewe. Aliponisomea nilimwambia mimi sijui kama ni kweli, lakini yule mtu wa redio nilianza kumhurumia.

Chuo kilipofunguliwa alienda. Alipita, kwa shida. Mwalimu wake alimwambia amesikiliza vizuri lakini hajaonyesha kitabu kimejengwa namna gani. Sawa. Kanisani nilitangaza neno moja tu: amepita.

Kikapu kilibaki changu. Jioni nilikuwa naketi mekoni, miguu imevimba, kuni mbichi zinalia, na nashtukia nimesema "eeh," na hakuna aliyesema kitu.