Kamba ya Kuka Ukutani

Juzi darasani, hapa Kitale, mwalimu aliangusha matofali mawili ya udongo. La kwanza lilivunjika vipande vipande. La pili, lililochanganywa na nyuzi za mkonge, lilipasuka tu, likabaki limeshikana. Harufu ya ule udongo ikanirudisha utotoni, kijijini Bokoli, kwa nyanya yangu, Kukhu.

Ukuta wa jikoni yake ulikuwa na nyufa za kupitisha mkono, na mvua ilikuwa karibu. Tulikuwa tukikanyaga udongo na mavi ya ng'ombe, ukinyonya miguu yetu. Kukhu akatoa kamba ya mkonge ya babu, Kuka, akaanza kuikatakata kwa panga. Kuka tulikuwa tumemzika majuzi tu, na ile kamba bado ilinuka mikono yake. Nikalia.

"Kukhu, ati unaitupa?"

"Niitupe? Maisha yake yote alikataa kukandika, ati ni kazi ya wanawake. Basi leo atakandika, bana!"

Alicheka huku akijifuta macho, akazifumua nyuzi na kuzikanyagia udongoni.

Nikaamini Kuka ameingia ukutani. Kila nilipopita niliugusa nikisema, "Kuka, habari ya mchana?" Mvua ikaja, ikaisha. Ukuta umesimama hadi leo.

"Nani anajua kilicholishika hili la pili?" mwalimu aliuliza.

Nilijua. Lakini jibu langu lilianzia kwa Kuka, na wangenicheka, kwa hivyo nikainama. Wenzangu walipotoka, nililigusa lile tofali.

"Kuka, habari ya mchana?"