Nimemwambia mke wangu moyo umepimwa, na haujapimwa

Admin, naomba ufiche jina langu, ingawa sijui kama itasaidia, maana kuanzia Gonja mpaka Ndungu sijakutana na mtu asiyenijua. Viongozi wa wilaya wakija huku milimani kuhutubia, watu wanawasikiliza wao halafu wananigeukia mimi waone kama nimekubali.

Nina miaka hamsini na sita. Shule niliishia darasa la sita, na si kwa ujinga, mwalimu alikuwa hana cha kuniongezea. Nina mke mmoja, watoto wanne wanaojitegemea, na shamba la migomba. Kijijini wote wananiita Mjomba, hata walionizidi umri.

Mwaka jana mishipa mitatu inayolisha nyama ya moyo wangu iliziba. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi Dar, alinipeleka hospitali kubwa ya huko. Wakanipasua kifua, wakachukua mshipa wa mguuni, wakaukata vipande vitatu wakavipachika kwenye moyo ili damu ipate njia nyingine. Niliporudi watu walikuja na maziwa na mikungu ya ndizi, na mimi nikawapa kisa kinachofanana na ukubwa wa mikungu. Niliwaambia dawa ya usingizi ilinishindwa, nikalala macho wazi nikimwelekeza daktari, "Hapo kushoto ongeza uzi." Niliwaambia moyo ulitolewa ukawekwa kwenye beseni, na beseni likawa linatembea lenyewe mezani. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mke wangu hakucheka. Yeye siku ile alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi hadi jioni.

Ukweli nilisimuliwa na mpwa wangu, aliyeelezwa na madaktari. Kila mshipa waliopachika waliushika kwa kifaa kidogo kinachopima damu inayopita. Miwili ilisoma vizuri. Wa tatu ulisoma chini, wakaufumua wakaushona upya, ukapanda kidogo. Ndiyo maana siku ya kuruhusiwa, daktari, kijana mpole tu, alinikalisha akaniambia, "Baba, mshipa kupitisha damu ni jambo moja, nyama ya moyo kuipata ni jambo lingine. Tulikupima ukiwa umelala. Baada ya miezi mitatu urudi, utatembea kwenye mashine, tukupige picha tuone damu inafika wapi moyo ukiwa kazini. Kabla ya hapo usibebe kitu kizito."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Huku kwetu maji yanakusanywa kwenye ndiva, lile bwawa la juu, kisha yanafunguliwa yashuke na mfereji hadi mashambani. Unaweza kusimama kwenye ndiva ukayaona yanatoka kwa kishindo, kumbe shamba la mwisho ni vumbi. Nimewafokea watu wazima kwa kosa hilo, la kuangalia mlango wa ndiva bila kushuka mpaka mwisho.

Miezi mitatu ilipotimia nikasema naenda Dar peke yangu, mimi si mtoto. Nilifika. Nikiwa kwenye korido nikaona mtu wa rika langu anatolewa kwenye chumba cha kipimo ameloa jasho, manesi wawili wamemshika mikono. Nikainuka kama naenda chooni, nikaenda stendi. Nyumbani nikamwambia mke wangu damu inafika kila kona, na daktari hajawahi kuona moyo kama huu.

"Karatasi iko wapi?"

"Imebaki kwenye kompyuta yao."

Akanitazama, kisha akaenda kuchochea moto. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kwaya, ambayo alikuwa ameiacha tangu niugue.

Sasa ni mwezi wa pili tangu niseme hivyo. Kutoka kwangu hadi barabarani nasimama mara tatu, kifua kimebana kama kimefungwa kamba. Nikisimama najifanya nakagua tangawizi ya jirani. Juzi akaniambia, "Shikamoo Mjomba. Hii tangawizi leo umeitazama mara ngapi? Kama unaiposa si ulete wazee." Nikamjibu majani yake yana ugonjwa. Maskini, kesho yake akainyunyizia dawa.

Alhamisi ijayo ni msaragambo, kijiji kizima kinatoka kusafisha ndiva na kupandisha mawe ya kujengea mfereji. Mkutanoni walisema niongoze mimi, kwa kuwa nina moyo mpya. Ningeweza kukataa. Nilisimama nikashukuru, nikaongeza kwamba jiwe la kwanza nitalibeba mwenyewe.

Jana mpwa wangu akapiga simu. "Mjomba, hospitali wamenitafuta. Wanasema hukuingia kwenye kipimo."

"Wamechanganya majina hao."

"Mjomba, ule mshipa wa tatu unaukumbuka. Nakuheshimu, sitaki kukuvunjia nyumba yako. Ila ikifika Jumatano mama wa hapo nyumbani kwako hajui, nampigia mimi."

Ndugu zangu, nimechoka. Nimechoka kusimama njiani, nimechoka hata kuchekesha watu. Nikisema, narudi Dar, na wakikuta sehemu ya moyo haipati damu huenda wakanipasua tena, na nguvu ya mara ya pili sina. Nikinyamaza, Alhamisi napanda mlima na jiwe begani. Kijiji hakinitishi, kitacheka wiki moja kitapata kingine. Ninayemwogopa ni yule mama aliyerudi kuimba kwa sababu ya maneno yangu. Nishaurini, naanza na neno gani mbele yake?

Na kuna jambo moja dogo linanizuia kuliko yote. Nilimwambia mke wangu kwamba daktari ameagiza kila jioni aniwekee mkono kifuani mpaka nilale, asikilize moyo unavyokwenda. Daktari hakuagiza hivyo. Ni mimi naogopa kulala bila huo mkono, na kipimo kikijulikana ni uongo, na hili litajulikana.