Mulango Yenye Papa Alipima na Kipoyi

Rafiki yangu, mwanangu, karibia nikuambie neno yenye ninaambiaka tu watu wa roho yangu. Ile siku Papa alipima mulango, mpaka leo ninaiona mbele ya macho.

Kwetu kulikuwa kazi tatu. Papa alikuwa anachora nyumba na kuzijenga yeye mwenyewe. Watu walimuitaka arshitekte, hata kama hiyo kazi aliifundishwa na baba yake ku shantiye, pale wanajengaka. Yaya Bahati, mukubwa wetu, alikuwa musoda, askari wa jeshi. Yaya Furaha, wa kumufuata, alikuwa muganga. Mimi wa mwisho nilikuwa ninawapikia wote.

Wakristo wa Mugunga wakamuomba Papa awajengee sante, nyumba kidogo ya mbao juu ya mawe ya volkano, Yaya Furaha atunze wagonjwa mule. Papa akakatala kukata mulango kabla ya kuleta kipoyi, ile kitanda ya miti yenye watu wanabebaka mugonjwa ku mabega toka milima ya Masisi.

"Mulango ya wagonjwa haipimwe na mutu wa kusimama," akasema. "Inapimwa na mwenye amelala."

Yaya Bahati alikuwa ku konji, likizo ya jeshi. Akajilaza mule, akafunga mikono ku kifua. "Mubebe mukubwa! Polepole, mimi ni yai!" Wabebaji wakacheka mpaka wakagonga mbao. Papa akapanua nafasi ya mulango. Wakagonga tena, akapanua tena.

Yaya Bahati akafungua jicho moja. "Papa, hii mulango ni ya watu ao ya ngombe?"

"Nyamaza. Mugonjwa hana mudomo hivi."

Mama yetu peke yake hakucheka. "Bahati, toka mule. Kipoyi haichezewe." Akatoka, akamukumbatia mama, kisha akarudi ku kambi yao.

Nyuma ya pale vita ikafika karibu ya Sake, jirani ya Mugunga. Watu wakajaa barabara, magodoro ku kichwa, watoto ku mugongo. Nilikuwa ninaleta maji ku sante wakati niliona kipoyi inaingia. Haikugonga mbao hata kidogo. Juu yake Yaya Bahati, damu imepita blanketi.

Yaya Furaha alikuwa amepiga magoti kwa mama mumoja wa Masisi mwenye alikuwa anazaa, na damu yake haikatike. Muganga alikuwa yeye peke yake. Nikamuvuta ku mukono.

"Yaya, acha huyo! Ni Bahati!"

Akageuka, akaona. Akataka kusimama. Papa alikuwa amesimama pale ku mulango. Akaniambia mimi, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, umuachilie mukono. Hii mulango niliipanua juu ya watu wote. Sikuipanulia mutoto wangu."

Kisha akavua koti yake, akapiga magoti, akafinya kidonda ya mwana wake na ile mikono ya kujenga. Yaya Bahati alikuwa amesikia. Akasema na sauti kidogo: "Furaha, maliza kwanza. Mimi ninangojea."

Mutoto wa ule mama akalia. Yaya Furaha akakimbia kwa Bahati. Hakumukuta tena na pumzi.

Nilimukasirikia Papa muda murefu. Ku misa, saa ya kupeana amani, nilikuwa ninageukia upande ingine. Mpaka Papa naye akaenda. Ku matanga yake mama mumoja akaingia na kijana wake, wakakaa chini pamoja nasi. Nilimujua: ni ule mama wa Masisi, na kijana ni yule mwenye alizaliwa ku sante. Ile siku njo nililia Papa na Bahati pamoja.

Mwanangu, kama Mungu anakupa kazi ya kujenga, ya kulinda ao ya kuponyesha watu, usimupitishe wa kwenu mbele ya mwenye anakufa. Sikudanganye, itakuuma. Mimi, kila wakati ninapita Mugunga, inaniuma. Mbao za ile sante zilikwisha kuoza, tukazibadilisha, lakini hatukubali mutu apunguze upana wa mulango. Njo uriti yenye Papa alituachia.

Mungu abariki mikono yako. Akusimamie siku yenye wa kwenu watapaswa kungojea. Na hii habari usikae nayo peke yako: umuambie kijana mwenye anaanza kazi, na yeye aambie mwingine, jina ya Bahati isikiwe na watoto wao.