Malengelenge Niliyomficha Shabani

Nakumbuka asubuhi ile nilipotoka kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Kisangani, nikakaa kando ya barabara kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, mjane asiye na mtoto. Mume wangu wa kwanza alikuwa dereva wa malori ya kwenda Bafwasende, na ajali ya njia hiyo ndiyo iliyomchukua. Aliniachia cherehani, na ugonjwa ambao hata jina lake sikulijua.

Mwanangu, nitasema waziwazi, maana uzee umeniondolea haya isiyo na kazi. Vilikuwa vipele vya maji sehemu za siri. Vinawaka kama vimepakwa pilipili, vinapasuka, vinakuwa vidonda, kisha vinapona vyenyewe. Miezi inapita, vinarudi. Muuguzi, mama mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama Vero, aliniambia ni herpesi, malengelenge ya sehemu za siri.

"Sikia, mama," akasema. "Hii ugonjwa haitatoka mu mwili. Inalala, siku ingine inaamuka. Haitakuua. Lakini bwana mwenye atakuja, umuambie mbele ya kulala naye."

Niliitikia. Kuitikia ni rahisi.

Mwaka uliofuata akaja Shabani, seremala kutoka Kindu, aliyenitengenezea mlango wa duka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa mazuri. Tukaoana. Sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Nilijidanganya kwamba pasipo kidonda hapana hatari, kumbe ugonjwa huu huweza kupita kwa mwenzio hata ngozi ikiwa safi. Vidonda vikirudi, nilisema nina malaria. Naye, maskini, alinitwangia ndizi za lituma kwa mikono yake, akaniletea kitandani, akingoja nile. Nilikula.

Miezi mitano haikuisha. Siku moja, mchana, akarudi mapema kutoka kwenye karakana, ana homa, anatembea kwa taabu. Akakaa kwenye kiti, hakuniangalia.

"Asumini, nimepata vidonda mahali pa aibu," akasema. "Sijui imetoka wapi. Mimi siendake kwa bibi mwingine, nakuapia. Labda ni ile ya zamani, mbele ya kukuoa. Pardon. Unisamehe."

Mwanangu, pale mdomo wangu ungefunguka, ningeokoka. Haukufunguka. Siku mbili nzima nilimwacha mtu yule aniombe msamaha kwa kosa langu mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilingoja kifo gani?

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mama Vero nikamweleza. Hakunipigia kelele. Aliweka kalamu chini.

"Ugonjwa, wewe haukuutaka," akasema. "Hiyo sikulaumu. Lakini unaacha mutu apige magoti juu ya kosa yako? Bon, rudia nyumbani. Umuambie leo, kisha mukuje wawili, nitawapa dawa."

Nilimwambia Shabani siku hiyo hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ugonjwa, tungeishi nayo. Lakini siku mbili nilikuomba pardon, na wewe uliniangalia tu."

Alikwenda peke yake kuchukua dawa. Baada ya juma moja akafunga misumeno yake akarudi Kindu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli, hakuna aliyeniambia.

Tangu hapo nimeshona nguo nyingi za maharusi wa watu. Nimezoea kupika chungu kidogo, nimezoea kunyamaza tangu duka linapofungwa hadi linapofunguliwa. Miaka baadaye alikuja mwalimu mmoja, mgane aliyefiwa na mkewe, akataka tuanze maisha. Safari hii nilimwambia mwanzoni kabisa. Alinishukuru kwa heshima, akaja mara mbili zaidi, kisha hakuja tena. Nililia, sikudanganyi. Lakini haikuwa aibu iliyoniliza. Kuchagua kulikuwa haki yake, na mara hii nilimpa.

Kuhusu Shabani, dada yake alinipa habari. Alioa tena huko Kindu, akamweleza mwanamke kabla ya mahari. Wanaishi kwa uangalifu, wana watoto watatu, na mkewe huyo mpaka leo hajaambukizwa. Nilifurahi, halafu nikafunga duka mapema, nikakaa ndani.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyeambiwa juzi kuwa unayo malengelenge haya, ukadhani dunia imekufungia mlango. Ugonjwa huu si hukumu, na si alama ya uhuni. Wengi wanao na hawajui. Mwambie mwenzako kabla ya kulala naye, mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu. Ukihisi muwasho au moto unaotangulia vidonda, acheni tendo mpaka ngozi ipone kabisa. Siku nyingine tumieni kondomu. Inapunguza hatari, ingawa haiiondoi yote. Ziko dawa zinazoutuliza na kupunguza kuambukiza, hata za kumeza kila siku, basi muulize daktari, wala usijichome na majani ya mtu yeyote. Pima na Ukimwi, maana vidonda huufungulia njia. Ukipata mimba, mwambie mkunga mapema, mtoto alindwe wakati wa kuzaliwa. Na mwenzako akiondoka baada ya kusikia ukweli, mwache aende. Upweke wa mkweli ni mzito, naujua. Wa mwongo ni mzito zaidi, nao pia naujua.

Mungu akupe ulimi usiochelewa kama wangu, akupe na mtu atakayesikia yote kisha avute kiti akae. Amina.