Kurwa Ataka Kusikia Vilio Viwili

Mkaa umekolea. Kurwa analamba ncha ya kidole, anaigusa pasi kwa chini, inalia "chss", naye anajua iko tayari. Anatoka nayo nje kwanza, anaipuliza jivu upande usiokuwa na nguo, ndipo anarudi mezani na kugeuka ubavu.

Zamani alikuwa akisimama kuielekea meza. Sasa tumbo limemtangulia, mkono haufiki kwenye kola ya shati, basi anapiga pasi kiubavu kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

Kwenye meza ya pili yuko mwenzake, mama mwingi wa maneno ambaye kibanda kizima cha dobi kinamwita Bibi Mikunjo, maana hakuna mkunjo unaompita.

"Kaa chini, wewe!" anamfokea. "Kwa moto huo hao watoto watazaliwa wamenyooka kama suruali ya bwana harusi."

"Afadhali wangenyooka, shoga," Kurwa anajibu. "Mmoja ndiye kajipinda."

Kicheko kinakatika hapo hapo. Bibi Mikunjo anachukua chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, ananyunyizia maji shati ambalo tayari limeshalowa.

Kurwa ana mimba ya pacha, na siku zimekaribia. Kipimo cha picha kimeonyesha kwamba mtoto wa kwanza ameshatanguliza kichwa, yuko kwenye njia yake. Wa pili amelala kwa upana, kama mtu aliyejikingamiza mlangoni.

"Mkunga alinieleza vizuri, hakunificha kitu," anasema Kurwa, huku akiulaza mkono wa shati. "Alisema naweza kujaribu kawaida. Wa kwanza akishatoka, watajaribu kumgeuza wa pili. Akigeuka, heri. Akikataa, nakimbizwa kwenye upasuaji na uchungu wangu. Au nipangiwe siku, nipasuliwe kabla uchungu haujanianza."

Tatizo ni kwamba mtaalamu wa kumlaza mgonjwa usingizi hashindi kwenye hospitali anakohudhuria Kurwa. Ana zamu na hospitali nyingine, hapa anakuja kwa siku zake. Uchungu ukimshika Kurwa siku ambayo mtaalamu hayupo, na mtoto akagoma kugeuka, itabidi apakiwe kwenye gari la wagonjwa, mmoja mkononi na mwingine tumboni.

Lakini kisu nacho kina mambo yake. Mkunga alimtajia damu, vidonda vinavyochelewa kupona, na kovu litakalomfuata hadi mimba nyingine. Tena akishashonwa, wiki nyingi hataruhusiwa kuinua kitu kizito, na pasi ya mkaa ni chuma kitupu. Kwenye kibanda hiki mtu analipwa kwa nguo alizonyoosha. Asiyesimama mezani hana chake. Tajiri, mwenye kibanda, alimwambia bila ya kumtazama kwamba meza haiwezi kukaa tupu.

Mumewe, fundi baiskeli, hana raha na njia yoyote. "Shangazi yangu aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, mkoba begani," anasema, akifuta mafuta mikononi kwa kitambaa chenye mafuta zaidi. "Aliyetoka ni mkoba. Mke wangu nimemwambia, mwili ni wako, amua. Ila usiniulize kama naogopa."

Aliyepinga kisu kwa sauti kubwa ni mama mzazi wa Kurwa, ambaye anaishi nao.

"Mimi nilizaa pacha chini, juu ya mkeka, bila kisu," alikuwa akiwaambia majirani. "Mwanangu si kitambaa, akatwe na kushonwa!"

Maneno hayo mtaa mzima unayajua. Kurwa ni pacha wa kwanza, ndiyo maana akaitwa hivyo, na wateja hawachoki kumtania: Kurwa, Doto yuko wapi? Naye alikuwa na jibu lake la siku zote: "Doto anafua, mie nanyoosha."

Hata kliniki alikwenda na maneno ya mama yake. Mkunga alipomuuliza kama kwao kuna pacha, alijibu kwa kujiamini kwamba wapo, na walizaliwa kawaida, hakuna shida.

"Akaniuliza, wote walitoka salama?" anasimulia Kurwa. Anaiweka pasi juu ya kigae chake. "Nikamwambia nitakwenda kumuuliza mama. Neno lile nimelisema tangu utoto. Sijawahi kulisikiliza."

Alijua kwamba Doto hayupo. Jinsi alivyoondoka, hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuuliza.

Siku ile alimkuta mama yake uani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mama, Doto alitokaje?"

"Mambo ya zamani hayo. Umekula?"

"Mama."

Vidole vya mama viliendelea kutafuta vijiwe. "Wewe ulitoka na makelele yako," alisema mwishowe. "Wanawake wakainuka, wakapiga vigelegele, na mie nikadhani kazi kubwa imekwisha. Tukangoja mwenzako. Ukatangulia mkono. Tukangoja tena. Alipotoka alikuwa kimya. Nilikuwa nakupa ziwa huku natega sikio."

"Sasa mbona unataka nizae kama wewe?"

Mama aliuweka ungo chini. "Nikikwambia nenda kwenye kisu, nitakuwa nimesema kwamba hata yeye angepona. Nikishasema hivyo, mwanangu, nitalala vipi?"

Hawakugombana. Kurwa alikaa chini, akauvuta ungo, akaendelea kuchambua pale mama alipoachia.

Alirudi hospitali, akaomba apangiwe siku ya upasuaji.

Mkunga, mwanamke mpole mwenye saa iliyobanwa kifuani, hataki habari hii iwatishe wengine. "Pacha wengi nawapokea kwa njia ya kawaida, na mama anaondoka akitembea," anasema. "Inategemea wamelalaje, na msaada uko karibu kiasi gani. Huyu nilimwekea mezani hatari za huku na za kule. Kuchagua, alichagua mwenyewe."

Kuchagua hakujamwondolea hofu. Kurwa anasema akishika shati jeupe humkumbuka yule shangazi na mkoba wake. Pembeni ya meza yake ameshasimama mwanamke mgeni, kaletwa na tajiri ili azoee kazi kabla mwenye meza hajaondoka. Kurwa anamfundisha bila kinyongo, ingawa hamwangalii sana usoni.

"Jivu usimwage huku, upepo utakurudishia kwenye mashati. Na kola usianzie katikati. Anzia nchani, uende ndani, la sivyo inakufanyia kibyongo."

"Ukirudi nitakuachia meza yako, dada," mgeni anasema.

"Tutaona," Kurwa anajibu.

Mteja anaingia kuchukua suruali yake. Ni mzee mcheshi, wa miaka mingi hapa. "Kurwa! Doto hajambo?"

Bibi Mikunjo anaacha kunyunyiza maji.

"Doto alifariki siku tuliyozaliwa, baba," anasema Kurwa.

Mzee anavua kofia, anabaki ameishika. "Pole, mwanangu. Miaka yote hii nakutania..."

"Hukujua. Hata mimi nilikuwa nacheka." Anamkunjia suruali, anamkabidhi kwa mikono miwili.

Mchana mama yake anamletea chakula kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Kwenye kona ya meza anakuta khanga mbili za kupokelea watoto zimepigwa pasi na kukunjwa sawasawa. Anazipapasa moja moja. Tangu siku ya ungo, neno mkeka hajalitamka tena.

Ukimuuliza Kurwa anaomba nini, hataji meza wala tajiri. "Nataka kusikia vilio viwili," anasema. "Lakini mkunga kasema huenda wakanichoma sindano ya mgongo nibaki macho, huenda wakanilaza kabisa. Wakinilaza sitasikia. Nimemwomba mama akae mlangoni, anisikilizie."

Mama anafunua bakuli, anamsogezea kijiko.

"Nitakaa," anasema. "Wa kwanza akilia, siinuki."