Miezi Mitatu Juu ya Kiti

Mume wangu Hamissi alikuwa seremala hapa Rumonge kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekalia kiti alichokitengeneza mwenyewe. Viti aliwatengenezea mapadri, Wagiriki wa madukani na Wabelgiji wa ofisini. Yeye na mimi tulikula chini, mkeka mmoja, sahani moja, tangu anioe. Wanaume wengine wa mtaani kwetu hula na wenzao barazani, mke akabaki jikoni na masufuria yake. Hamissi hakuweza. Alisema chakula bila maneno yangu hakimshuki, nami maneno ninayo mengi, sikatai.

Mwaka tuliopata uhuru, komini, yaani serikali ya hapa kwetu, ilimpa kazi mbili kwa mpigo: kutengeneza kiti cha mkuu wa komini, na kupaua ofisi yake mpya. Alianza na kiti kwa sababu kilimpendeza. Kilikuwa cha mninga, mgongo mrefu, mikono miwili mipana. Kisha akapanda juu ya paa, mzee wa miaka sitini na mitatu, akaruka kutoka boriti hadi boriti kama kijana kwa sababu watu wa komini walikuwa wanamtazama. Akaanguka, nyonga ikavunjika, na kazi ya paa ikasimama.

Lori la samaki likampeleka Usumbura. Daktari wa Kibelgiji, ambaye alikwisha kufunga masanduku yake ya kurudi kwao, alitoa kichwa cha mfupa wa paja akaweka cha chuma. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake wiki tano. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja kutoka Bukavu, jina lake Cirhuza, akaniita pembeni.

"Mama, sikia vizuri," akasema. "Hapana kukaa chini. Hapana kukunja miguu. Kiti iwe juu kupita magoti, miezi mitatu. Akikaa kwa mukeka ile chuma itatoka, na huyu munganga anaenda kwao. Nani atairudisha?"

Nikaapa kwamba nitamlinda. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na mkeka, vigoda viwili vya jikoni, na kitanda cha kamba ambacho tulilazimika kukipandisha kwa matofali. Kiti kirefu kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa karakanani kwake, kimefunikwa gunia: kiti cha mkuu wa komini. Ofisi haina paa, nani angekiulizia? Tukamkalisha Hamissi.

Watu wakaja kumwona mgonjwa. Kwa kawaida yetu, mgonjwa unamzunguka, ukamshika mguu, ukauliza hapa panauma, ukamsimulia mtu aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Hawa waliingia, wakamwona mzee ameketi wima, mikono juu ya mikono ya kiti, wakakaa chini kwa mstari na kunyamaza. Hadji, fundi cherehani, rafiki yake wa utotoni ambaye hakuwahi kumwita kwa jina lolote isipokuwa Msumari, akamwambia "Shikamoo." Na Hadji ni mkubwa kwake kwa miaka miwili!

Wiki ya tatu wakaja Lukeba, mvuvi wa Magara, na jirani yake Généreuse. Walikuwa wanagombania mingazi, michikichi ya mawese, iliyoota mpakani mwa mashamba yao.

"Amahoro, mzee," akasalimia Lukeba. "Tumekuja utukatie maneno."

"Mimi niko seremala tu," akajibu Hamissi.

Lukeba akakitazama kiti. "Lakini uko kwa kiti."

Basi Hamissi akahukumu. Alisema mingazi ni minne, kila mmoja achukue miwili. Wakapiga makofi, wakashukuru, murakoze, murakoze, wakaondoka wameridhika. Hukumu hiyo hata mimi ningeitoa nikiwa nachambua dagaa, na asingenisikiliza mtu.

Kuanzia hapo uwanja wetu haukukauka watu. Ijumaa walikibeba kiti hadi msikitini, Hamissi akikifuata kwa fimbo yake, wakakiweka nyuma karibu na mlango, na kila aliyeingia alimsalimia Hamissi kabla ya imamu. Wenye mashauri hawakuja mikono mitupu: huyu kuku, huyu mawese. Badala ya Mwanvua, wakaanza kuniita Mama Mkubwa. Nilikula kuku wale na nikaitika jina lile, siwezi kujisafisha.

Lakini mume wangu alikuwa ananipotea. Alianza kukohoa kidogo kabla ya kusema neno. Sahani yake ilikuwa juu ya mkono wa kiti, yangu chini mkekani, na kwa miezi mitatu nilizungumza na miguu yake kuanzia gotini kushuka. Siku moja nikamuuliza kama chumvi imetosha kwenye samaki. Akasema atalifikiria.

Miezi mitatu ikaisha. Nikamwambia leo ni siku yake, ashuke. "Bado," akasema. Mwezi wa nne ukaanza, bado. Cirhuza alipita akielekea Nyanza-Lac, akampima mguu, akamtembeza hadi msikitini na kurudi, akafurahi. "Anaweza kushuka," akaniambia, "lakini polepole. Ashike kitu, ule mguu wa chuma utangulie mbele." Hamissi akamshukuru sana na kubaki pale pale juu. Ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia kiti kimempanda kichwani, kwamba ameanguka kutoka juu ya paa akapanda juu zaidi. Akakohoa kidogo.

Mwezi wa tano, fundi mwingine akamaliza paa la ofisi, na mkuu wa komini akaja kuchukua kiti chake. Jina lake Hyacinthe. Kabla ya uhuru alikuwa karani, na kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kusimama na makaratasi mbele ya viti vya Wabelgiji. Siku hiyo uwanjani kulikuwa na watu kama kumi. Hyacinthe akaingia na askari wawili, akamwona mtu ameketi kwenye kiti kikubwa na watu wamenyamaza. Akavua kofia. Akaenda kusimama kwenye mstari nyuma ya Généreuse, ambaye alikuwa amerudi na mingazi ile ile. Nimeona kwa macho yangu haya. Alisimama hapo mpaka askari wake mmoja akamgusa kiwiko.

Akavaa kofia kwa nguvu. "Hii kiti iko ya Leta!" akapiga kelele. Na kweli ilikuwa mali ya serikali, hakuna aliyebisha.

Askari wakamshika Hamissi kwapani, wakamsimamisha, wakampa fimbo yake. Kiti kikatoka. Na watu wakatoka nacho. Wote kumi walikifuata njiani na mashauri yao, Généreuse mbele, na Hadji amebeba mguu mmoja wa kiti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza fundi atakaa wapi.

Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri. Nikatandika mkeka, nikaweka sahani ya ugali na dagaa. "Haya, mheshimiwa," nikasema, "karibu chini."

Hakusogea.

"Mwanvua," akasema, na safari hii hakukohoa. "Naogopa. Siku ile niliyoanguka, niliiambia miguu inuka, haikunisikia. Nikishuka hapa labda sitainuka tena. Nikiwa juu ya kiti, hakuna aliyejua."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mguu ule nilikuwa nauosha kila asubuhi, na sikuwahi kumuuliza kitu isipokuwa kama maji ni ya moto mno.

Nikamshikisha nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na shingo yangu kwa mwingine. Mguu wa chuma ukatangulia mbele, kama Cirhuza alivyosema. Akashuka kidogo, akapumzika, akashuka tena, akinibana shingo hata nikashindwa kupumua, mpaka akafika mkekani. Nami nikaporomoka kando yake. Tulihema pale muda mrefu. Akamega tonge, akachovya, akasema chumvi imezidi.

Kisha akaniangalia. "Na kuinuka je?"

Nilikuwa na miaka sitini, na magoti yangu hayajatengenezwa na daktari yeyote. Nikatazama uwanjani nione wa kumwita. Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa komini.

"Kula kwanza," nikamwambia.