Maandiko Yalisema Nguo

Kiboko ndiye alituhamisha, mbele ya uhuru, kabla haujafika. Alikuwa anatoka ziwani jua likizama, anakula mahindi ya nyanya yangu karibu na maji, kule Makobola. Nyanya alimpigia sufuria, akamtukana kwa majina ya wakwe zake wote. Kiboko akaendelea kutafuna. Mwisho nyanya akasema, "Kula basi, na mabua!" Akahamishia shamba juu, kwenye mteremko wa mlima. Tulinung'unika sana, maana kupanda kule na jembe kila asubuhi si mchezo. Uhuru ukaja, tukaimba barabarani, kesho yake tukapanda tena na jembe. Minye, mimi huyu, sikusoma sana, mniwie radhi nikizunguka, lakini bila kiboko yule nisingekuwa hapa nasimulia.

Siku ile ya vita, miaka michache baada ya uhuru, tulikuwa tunang'oa mihogo. Waasi walikuwa wameshika pwani yetu tangu mvua za kwanza, na watu walisema basoda, askari wa serikali, watarudi. Tulishazoea kusikia hivyo. Asubuhi Baba alitandaza wavu wake kwenye mchanga ukauke, ndipo akapanda nasi. Ulikuwa wavu mpya wa nailoni, aliuvusha kutoka Bujumbura, wakati ule tukiiita Usumbura. Mvua ikinyesha aliulaza ndani ya nyumba, na minye, kijana wa kuoa, nikalala barazani. Mama alimtania: "Mke mwenzangu amekula?"

Tulisikia kamioni kwanza, malori ya basoda, ndipo risasi.

Kamioni zilitokea upande wa Uvira. Nyumba za mwanzo zikatoa moshi. Waliyemkuta pwani walimpiga risasi. Kwao kila mtu alikuwa mwasi.

Tukalala kati ya mihogo.

Mama akasema polepole: "Baba Riziki, ile neno mwinjilisti alisoma Jumapili. Yesu alisema watu wakimbilie milimani, na aliye shambani asirudi kuchukua nguo yake. Tuko shambani. Mlima huu hapa. Unangojea malaika akushike mkono?"

"Alisema nguo," Baba akajibu. "Wavu si nguo."

"Weye!"

"Huko juu tutakula nini, mawe? Iko pale kwenye mchanga. Nitaikunja haraka."

Nikasema niende minye, miguu yangu ni myepesi.

"Hujui kuikunja. Utaichana."

Watu wananiuliza: mzee, utajuaje kama ni Mungu anasema, ao ni woga wako tu? Minye si pasta. Lakini naona hivi. Neno lile lilitukuta pale pale tulipo, likatuambia tuache kitu, likatuonyesha njia ambayo miguu yetu iliiweza. Woga wangu haujaniambia hata siku moja niache kitu. Unaniambia nibebe vyote. Vita vingine vilipotukuta Uvira, nilikuwa tayari na wajukuu. Mmoja akataka kurudi nyumbani, mtaa wa Kimanga, kuchukua redio. Nikamkamata shati: "Redio ni nguo!" Godoro ni nguo. Pikipiki ni nguo. Tulitoka mikono mitupu, na wote wako hai, wananicheka mpaka leo kwa neno hilo. Wacheke.

Baba hakumdharau Mungu. Aliomba kuliko sisi wote. Na kwa mvuvi wa kwetu wavu si kitu cha ndani ya nyumba, ndio nyumba yenyewe. Alitaka tule. Hayo nimeyapima miaka yote, na kila nikiyapima naona neno lilikuwa wazi, na lilimtosha yeye pia.

Alisimama, akapangusa udongo magotini.

"Tangulieni," akasema. "Na mihogo msiiache."

Akashika njia ile ile tuliyomlaumia kiboko, akashuka, mikono nyuma, kama anakwenda kuangalia tu maji yakoje. Mama alimwita. Hakugeuka, na hakurudi tena.